Maili ya Kitabu si Maili ya Njia: Mafunzo ya Kugeuza Vipimo vya Urefu

Baada ya kumhimidi Mwenyezi Mungu, na kumtakia rehema na amani Mtume wake Muhammad na jamaa zake na sahaba zake wote: haya ni mafunzo mafupi juu ya vipimo vya urefu. Yanaeleza namna ya kugeuza vipimo vya Kiingereza kuwa vya mita, na vya mita kuwa vya Kiingereza, kisha namna ya kuvilinganisha vyote viwili na dhiraa na maili zilizotajwa katika vitabu vya fikihi ya Imamu Shafii, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Huenda mtu akauliza: ilimu ya inchi na sentimita ni ya seremala na mshoni, ina nini na dini? Jawabu yake ni kuwa sheria imezifunga hukumu nyingi kwa vipimo. Msafiri hapunguzi sala ila kwa masafa maalumu. Maji yaliyoingia najisi hayahukumiwi mpaka yajulikane yamefika kadiri gani. Maamuma aliye nje ya msikiti ana mpaka wa kuwa mbali na imamu wake. Na muuza nguo ameshika wari mkononi, na wari ile itamshuhudia. Basi asiyejua kipimo hajui alipofikia katika hukumu.

Wala asiyejua kabisa si mwenye hatari kubwa, kwani huyo huuliza. Mwenye hatari ni yule ajuaye jina la kipimo akadhani amekijua kipimo chenyewe. Mfano wake ni msafiri aliyesoma kuwa masafa ya kupunguza sala ni maili 48. Akahesabu maili 48 za Kiingereza, akazigeuza kwa hesabu sahihi, akapata kilomita 77 na kidogo, kisha akasafiri kilomita 78 na akasali Adhuhuri rakaa mbili. Hesabu yake haina kosa hata moja, na sala yake haikusihi kwa kauli itakayotajwa humu. Sababu ni kuwa maili ya kitabu si maili ya njia. Kwa ajili ya mtu kama huyu yameandikwa mafunzo haya.

FASILI YA KWANZA: Vipimo vya Kiingereza na vipimo vya mita

Vipimo vya Kiingereza vimejengwa juu ya inchi. Zamani Waingereza walisema inchi moja ni punje 3 za shayiri zilizopangwa kwa urefu wake. Inchi 12 ni futi 1. Futi 3 ni wari 1, nayo huitwa pia yadi. Na wari 1,760 ni maili 1. Hesabu hizi hazina mwendo mmoja, na kwa hivyo hapana budi kuzihifadhi.

Vipimo vya mita vilianzishwa Ufaransa mwishoni mwa karne ya 18. Wataalamu wa huko waliyagawanya masafa ya kutoka Ncha ya Kaskazini mpaka Ikweta mafungu 10,000,000, wakaliita fungu moja mita. Mwaka wa 1875 mataifa yalifanya mkataba wa mita mjini Paris, na tangu mwaka wa 1983 mita hukadiriwa kwa mwendo wa nuru. Hesabu zake zina mwendo mmoja tu, nao ni kumi kumi: milimita 10 ni sentimita 1, sentimita 100 ni mita 1, na mita 1,000 ni kilomita 1. Nchi za Kenya, Tanzania na Uganda zilihamia vipimo hivi katika miaka ya mwisho ya 1960, na ndiyo maana mbao za njiani huonyesha kilomita, ingawa fundi na mshoni wangali wakitaja futi na inchi.

Mwaka wa 1959 Uingereza, Marekani, Kanada, Australia, New Zealand na Afrika Kusini zilipatana juu ya kadiri moja ya wari isiyozidi wala kupungua. Tangu hapo hesabu ni hizi:

Inchi 1 ni sentimita 2.54.
Futi 1 ni sentimita 30.48.
Wari 1 ni sentimita 91.44.
Maili 1 ya Kiingereza ni mita 1,609.344.

FASILI YA PILI: Kanuni ya kugeuza

Kanuni ni moja. Anayetoka katika vipimo vya Kiingereza kwenda katika mita huzidisha kwa hesabu zilizotajwa. Na anayetoka katika mita kurudi katika vipimo vya Kiingereza hugawanya kwa hesabu zile zile.

Mfano wa kuzidisha: kanzu ya inchi 58. Huzidishwa 58 kwa 2.54, ikapatikana 147.32. Basi urefu wake ni sentimita 147 na thuluthi moja takriban.

Mfano wa kugawanya: chumba chenye upana wa mita 4, yaani sentimita 400. Hugawanywa 400 kwa 2.54, zikapatikana inchi 157.48. Inchi 156 ni futi 13 kamili, ikabaki inchi 1 na nusu takriban. Basi upana wake ni futi 13 na inchi 1 na nusu.

Tanbihi. Wengi hukosea katika kuandika futi na inchi kwa nukta. Futi 5 na inchi 6 si futi 5.6, kwa sababu inchi 6 ni nusu ya futi, huandikwa 5.5. Aliyeandika 5.6 amezidisha sentimita 3 na zaidi bila ya kujua. Njia ya salama ni kugeuza futi zote kuwa inchi kwanza: 5 mara 12 ni 60, na 6 ni 66, kisha 66 mara 2.54 ni sentimita 167.64.

Tanbihi nyingine. Watu husema kuwa maili 5 ni kilomita 8. Hesabu hii yafaa kwa mazungumzo, lakini ina upungufu: maili 50 kwa hesabu hii ni kilomita 80, na hali kwa hakika ni kilomita 80 na mita 467. Mahali ambapo hukumu imesimama juu ya mpaka, hesabu ya mazungumzo haitoshi.

FASILI YA TATU: Dhiraa na mkono

Watu wa pwani wana vipimo vyao vya asili: shibiri 2 ni mkono 1, mikono 2 ni wari 1, na mikono 4 ni pima 1. Mkono kamili ni kutoka kiwiko mpaka ncha ya kidole cha kati. Na mkono wa konde, vidole vikiwa vimefumbwa, ni mfupi kuliko huo. Madukani mkono ulihesabiwa kuwa nusu ya wari, na nusu ya wari ni inchi 18, yaani sentimita 45.72.

Ama dhiraa ya vitabu, wanavyuoni wameieleza kwa vidole: dhiraa moja ni vidole 24 vilivyopangwa upana kwa upana, na kila kidole ni punje 6 za shayiri zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Kuna wanavyuoni wa zama hizi walioikadiria kwa sentimita 48, ikawa kidole kimoja ni sentimita 2. Na kuna walioikadiria kwa sentimita 46.2. Katika mafunzo haya hesabu hufanywa kwa 48, na ile ya pili hutajwa panapo haja.

Na aangalie msomaji jambo hili: mkono wa dukani na dhiraa ya kitabu huitwa kwa jina moja, lakini kati yao kuna sentimita 2 na zaidi. Tofauti hii ni ndogo katika dhiraa moja, nayo huwa kubwa sana dhiraa zikiwa elfu, au zikizidishwa urefu kwa upana kwa kina, kama itakavyoonekana mbele.

FASILI YA NNE: Maili tatu zenye jina moja

Ya kwanza ni maili ya Kiingereza ya nchi kavu, nayo ni mita 1,609.344.

Ya pili ni maili ya bahari, waitumiayo manahodha na marubani. Ilithubutishwa mwaka wa 1929 kuwa mita 1,852.

Ya tatu ni maili ya vitabu vya fikihi, iitwayo maili ya Hashimia. Na katika hii ndipo penye maneno. Imamu Nawawi, aliyekufa mwaka wa 676 Hijria, ameihesabu kwa dhiraa 6,000. Ibn Abdil-Barr, mwanachuoni wa Andalusi aliyekufa mwaka wa 463 Hijria, aliisahihisha kauli ya dhiraa 3,500. Na wako waliosema dhiraa 4,000. Kwa kipimo cha mita hutoka hivi:

Dhiraa 3,500 za sentimita 48 ni mita 1,680.
Dhiraa 4,000 za sentimita 46.2 ni mita 1,848.
Dhiraa 6,000 za sentimita 48 ni mita 2,880.

Hapana hata moja katika hizo iliyo sawa na maili ya Kiingereza. Basi mwenye kuichukua maili ya kitabu akaiweka mahali pa maili ya Kiingereza amekosea kwa kauli zote.

FASILI YA TANO: Masafa ya kupunguza sala

Katika madhehebu ya Imamu Shafii, msafiri hupunguza sala ya rakaa nne ikawa mbili, na huruhusiwa kufungua katika Ramadhani, safari yake ikifika marhala 2. Nazo ni buradi 4, na kila buradi ni farsakhi 4, na kila farsakhi ni maili 3. Basi jumla ni farsakhi 16, au maili 48 za Hashimia. Asili yake ni yaliyopokewa kuwa Ibn Umar na Ibn Abbas, Mwenyezi Mungu awawie radhi, walikuwa wakipunguza sala na kufungua katika buradi 4.

Zikizidishwa maili 48 kwa kila kauli, hupatikana:

Kwa mita 1,680: kilomita 80 na mita 640, sawa na maili za Kiingereza 50 na wari 189.
Kwa mita 1,848: kilomita 88 na mita 704, sawa na maili za Kiingereza 55 na kidogo.
Kwa mita 2,880: kilomita 138 na mita 240, sawa na maili za Kiingereza 86 takriban.

Hesabu ya kwanza, kilomita 80 na mita 640, ndiyo aliyoitaja Sheikh Abdur-Rahman al-Jaziri katika kitabu chake cha fikihi ya madhehebu manne. Na ina nguvu kwa njia nyingine. Ibn Abbas aliulizwa juu ya kupunguza sala kwa kwenda Arafa, akakataa, na akaruhusu kwa kwenda Usfan, na Jidda, na Taif. Na kutoka Makka mpaka Usfan ni kiasi cha kilomita 80 tu. Lau maili zingekuwa za dhiraa 6,000 za sentimita 48, ingelazimu Usfan iwe nje ya mpaka kwa masafa makubwa sana. Basi ardhi yenyewe inaishuhudia kauli ya dhiraa 3,500, bila ya kupunguza heshima ya imamu aliyesema zaidi, kwani kila mmoja alihesabu kwa dhiraa iliyomfikia.

Na ajue msomaji kuwa masafa haya, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu, ni tahdidi, yaani ni mpaka uliokatwa usiovumilia upungufu. Maili 48 za Kiingereza ni kilomita 77 na mita 248. Zimepungua katika mpaka kilomita 3 na mita 391. Mwenye kupunguza sala kwa safari ya kadiri hiyo ameacha rakaa mbili za faradhi, na itampasa kuirudia sala yake. Na mwenye kufungua Ramadhani kwa safari hiyo amefungua bila ya ruhusa.

Basi msafiri hutazama mambo manne. La kwanza, masafa huhesabiwa ya kwenda peke yake, wala hayajumlishwi na ya kurudi. La pili, huanza kuhesabiwa pale anapotoka katika majengo ya mji wake, wala si katikati ya mji. La tatu, bahari ni kama nchi kavu. La nne, itibari ni ya masafa si ya saa, hata akiyakata kwa muda mchache. Kwa hivyo motokaa na ndege havibadilishi hukumu, wala kukawia njiani hakuifanyi safari fupi ikawa ndefu.

Mifano yake ni hii. Kutoka Mombasa kwenda Kilifi ni kiasi cha kilomita 60. Haifiki mpaka, na mwenye kwenda huko husali kamili. Kutoka Unguja kwenda Dar es Salaam kwa bahari, kilomita 80 na mita 640 ni maili za bahari 43 na nusu, na safari hiyo haizifiki. Naye pia husali kamili. Kutoka Mombasa kwenda Malindi ni kiasi cha kilomita 120. Huyo amevuka mpaka kwa kauli ya kwanza na ya pili, naye ana ruhusa.

Faida. Imetajwa katika madhehebu kuwa kupunguza sala ni bora kuliko kusali kamili safari ikifika marhala 3. Nazo ni maili 72 za Hashimia, yaani kilomita 120 na mita 960. Ikiwa chini ya hapo, kusali kamili ni bora. Basi mwenye safari ya kilomita 85, ambayo imefika kwa hesabu moja na haikufika kwa nyingine, akisali kamili ametoka katika hitilafu, na hakupoteza kitu.

FASILI YA SITA: Maji ya kulatayni

Maji yaliyo chini ya kulatayni yakiingia najisi hunajisika hata yasipobadilika. Yakifika kulatayni hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, au tamu, au harufu. Kadiri yake katika chombo cha mraba ni dhiraa moja na robo kwa urefu, na vivyo hivyo kwa upana, na vivyo hivyo kwa kina. Kwa sentimita 48, dhiraa na robo ni sentimita 60. Na 60 mara 60 mara 60 ni 216,000. Hugawanywa kwa 1,000, zikawa lita 216.

Katika chombo cha mviringo, upana wake ni dhiraa 1 na kina ni dhiraa 2 na nusu, yaani sentimita 48 kwa sentimita 120. Nacho huchukua lita 217, karibu sawa na cha mraba. Kwa birika ndefu hutosha kuzidisha sentimita za urefu, upana na kina cha maji, kisha kugawanya kwa 1,000. Birika ya sentimita 120 kwa 60, yenye maji ya kina cha sentimita 30, ina lita 216 barabara. Na hupimwa ndani ya kuta, na kina ni cha maji si cha ukuta.

Sasa itazamwe tofauti iliyotajwa katika fasili ya tatu. Fundi aliyeambiwa ajenge birika ya mkono na robo, akaupima mkono kwa nusu ya wari, atajenga ya sentimita 57.15 kila upande. Hiyo huchukua lita 186 na kidogo, imepungua lita 29 kwa hesabu ya hapa. Na hata kwa dhiraa ya sentimita 46.2, ambayo hutoa lita 192 na nusu, bado imepungua. Lakini fundi huyo akijenga futi 2 kila upande kwa ndani, na maji yakajaa, atapata lita 226, na hilo latosha. Na pipa lenye maji lita 200 lina upungufu wa lita 16 kwa hesabu ya sentimita 48. Basi mwenye kutaka salama asilihesabu kuwa ni kulatayni.

Kadiri ya kulatayni, kinyume cha masafa ya safari, ni takriban: upungufu wa ratili 2 katika ratili 500 haudhuru. Lakini ratili 2 haifiki hata lita moja, basi mlango huu ni mwembamba.

Vilevile ni takriban dhiraa 300 zilizotajwa kati ya imamu na maamuma wanaosali uwanjani. Nazo ni mita 144, au wari 157 na nusu. Na kina cha kaburi cha sunna, dhiraa 4 na nusu kwa kauli ya Imamu Nawawi, ni sentimita 216, yaani futi 7 na inchi 1.

FASILI YA SABA: Wari na mita katika biashara

Mita 1 ni inchi 39.37, na wari ni inchi 36. Basi mita humzidi wari kwa inchi 3 na zaidi ya thuluthi, yaani sentimita 8.56. Mwenye duka akiuza kwa bei ya mita na akapima kwa wari, katika kila mita 5 humpunja mnunuzi sentimita 42.8, nayo inakaribia kuwa mkono mzima. Katika mita 100 humpunja mita 8 na nusu.

Na mfanya biashara akinunua jora la mita 30, akaliuza kwa wari na kwa bei ya wari, atapata wari 32 na zaidi. Hiyo ni halali yake, maadamu mnunuzi anajua kuwa anauziwa wari. Haramu ni kutaja moja na kupima kwa nyingine. Sura ya Al-Mutaffifin imeanza kwa onyo la wenye kupunja, wale wanaotaka watimiziwe wao wanapopokea na hupunguza wanapowapimia watu. Na watu wa Madyana, kaumu ya Nabii Shuaibu, amani iwe juu yake, walionywa juu ya vipimo kabla ya kuteremshiwa adhabu. Asiseme muuzaji: sikujua tofauti ya wari na mita. Mwenye kukaa dukani imempasa kuyajua yale anayoyauza kwayo.

MASWALI NA MAJAWABU

Suali: Msafiri ameona ubao wa njia umeandikwa kilomita 82. Je, atapunguza sala?
Jawabu: Atazame ubao huo unahesabu kutoka wapi mpaka wapi. Ikiwa nyumba za mwisho za mji wake ziko kilomita 4 mbele ya mahali hapo, safari yake ni kilomita 78 tu, naye atasali kamili.

Suali: Na aliye na shaka, hajui masafa yake?
Jawabu: Ajitahidi kuyatafuta. Ikimdhihirikia kuwa yamefika, atapunguza. Shaka ikibaki, atasali kamili, kwa sababu kusali kamili ndiyo asili.

Suali: Je, kumbukumbu ya chini kabisa ni ipi kwa asiyeweza hesabu nyingi?
Jawabu: Ahifadhi mambo matatu: inchi ni sentimita 2.54, masafa ya sala hayapungui kilomita 80 na mita 640, na birika ya kulatayni ni sentimita 60 kila upande kwa ndani.

KHATIMA

Yaliyotangulia yote yanarejea katika neno moja: kabla ya kuhesabu, ijulikane kwanza ni kipimo cha nani. Maili ni nyingi na jina ni moja. Mikono ni mingi na jina ni moja. Hesabu sahihi juu ya kipimo kisichokuwa chake humfikisha mtu mahali asipokusudia, naye huku ametulia moyo kwa kuwa hesabu yake haina kosa. Mwenyezi Mungu awajaalie wenye kusoma haya kuwa katika wenye kutimiza kipimo, katika ibada zao na katika biashara zao. Amin.